E Zilipotuishia

Alipanda ngazi zetu za Grogan mwaka wa sabini na tatu,
Aprili, maji yakimchuruzika hadi kwenye soksi,
mashairi kayafunga ndani ya mfuko wa unga.
Akauliza kwa Kiswahili cha darasani:
"Samahani, hapa ndipo mahali pa kuchapwa?"
Tulicheka hadi mashine ikasimama.
Bwana Vaghela akafuta miwani: "Mama,
hapa kinachapwa kitabu. Wewe utalipa tu."

Odessa Tarpley, Mmarekani mweusi, mwalimu wa taipu Pangani.
Mimi Mulwa, mpanga herufi, miaka ishirini na minne.
Kiingereza changu kilikuwa cha vidoleni:
nilikijua kwa kukigusa, kichwa chini miguu juu,
risasi moja moja.
Hivyo ndivyo nilivyomjua mama yake,
mfua shuka wa hoteli asimoruhusiwa kulala;
baba yake na msumeno, misonobari ya Georgia;
mume aliyeondoka na redio.
Huzuni ya mtu ina uzito. Mimi niliibeba
kwa trei, toka mezani hadi kwenye mashine,
nikiomba isimwagike.

Ukurasa wa kumi na tisa, e zikaisha.
Kasha letu lilizoea kalenda za makanisa na kadi za harusi:
a tele, k tele, w za kumwaga.
Kiingereza hula e kama mchwa.
Nikamwambia, "Mama, punguza e."
Akanitazama kana kwamba nimemwambia apunguze watoto.
Kisha akaketi juu ya debe la wino, penseli mdomoni,
chini mafundi wakigonga mabati ya magari,
akaanza kukata.
Saa tatu nzima.
Mto wa machozi ukaenda, malaika wakaenda,
mistari kumi na minne ikawa mitano:
beseni, sabuni, mkono, mvuke,
na jina la mama, ambalo, kwa bahati, halikuwa na e.

Nakala mia mbili. Gundi yetu haikuwa na adabu,
kurasa zilidondoka mikononi mwa wanunuzi.
Alirudi kwao na zilizobaki sandukuni.

Miaka kumi na tano baadaye nilinunua nyama Burma,
ikafungwa ndani ya uso wake.
Damu kidogo kwenye paji, lakini ni yeye:
tuzo kubwa ya taifa lao, nishani shingoni,
na majaji wanausifu, nanukuu, "ukimya wake".
Nilisimama pale sokoni nikacheka peke yangu.
Nyumbani Makadara Syombua akauliza swali moja:
"Na wewe wamekupa nini?"
"Nyama," nikasema.

Tukaandikiana. Vitabu tisa, chuo kikuu, goti la chuma,
jicho la kushoto likizima polepole.
Barua ya mwisho aliipiga kwa kompyuta:
"Mulwa, siku hizi e haziishi.
Ndiyo maana naandika vibaya."

Sasa sikia jambo ambalo sikumwandikia.
Siku Vaghela alipofunga, tukiuza risasi kwa kilo,
nilibandua ubao chini ya meza yangu,
ule wenye ufa,
nikazikuta: e arobaini na moja, vumbi tupu,
zimelala kama mayai ya mjusi.
Zilikuwepo. Zilikuwa zikinidondoka mimi.

Alifariki Novemba. Mjukuu alinisomea kwenye simu,
akafika kwenye shairi la ukurasa wa kumi na tisa,
wamelichapa lote,
nikamwambia asome tena, polepole,
mkono wangu ukiwa mfukoni,
nikizihesabu.