Maji ya Chai

Saa kumi na moja alfajiri, Mau Narok.
Sakitu imelala juu ya bati la nyumba yetu
na nyumba yetu ni lori:
Isuzu ya zamani, mgongoni kitanda, jiko, rafu ya vikombe sita,
nyuma yake mashine ya kupukuchua mahindi
imefungwa mnyororo kama ndama mkaidi.

Betri ililala kitandani.
Tuliiweka katikati, Kundu ukutani, mimi mlangoni,
tukaifunika blanketi zito
kama mtoto mwenye homa,
na usiku kucha sikugeuka
nisije nikamwagikiwa na asidi.
Gizani Kundu akanong'ona:
miaka kumi na tisa ya ndoa, leo nakumbatia risasi na maji makali.
Nilicheka. Mvuke wa kicheko ukaganda dirishani.

Baridi ya kwetu Kimilili
unaimaliza kwa kuvaa sweta.
Hii ya huku haina mazungumzo.
Huingia kwanza kwenye chuma,
halafu kwenye oili, ikawa nzito kama asali ya chini ya mtungi,
halafu kwa mtu.

Washa hita. Hesabu hadi thelathini.
Taa ndogo ya rangi ya chungwa imezimika, sasa
stata: nye... nye... nye...
kama anayetafuta jina la jirani wa zamani
na jina lenyewe haliji.

Kundu yuko chini na karai la makaa
akipasha tumbo la oili.
Mimi nimesimama na ndoo ya mchanga,
maana anayepasha injini hapa
anapasha pia godoro, cheti cha ndoa
na unga wa wiki mbili.

Ndipo akaja Mama Gathoni
akikata shamba lake la viazi, birika mkononi,
gambuti zikivunja nyasi, kra, kra,
kama anakanyaga vioo.
Maji ya chai yake.
Hakuuliza kitu. Aliyamimina polepole
juu ya bomba la dizeli, juu ya kichujio,
vile mgeni anavyonawishwa kabla ya kula.
"Haya, jaribu."

Moshi mweupe.
Kikohozi kimoja. Cha pili.
Kisha vikombe sita vikaanza kutetemeka rafuni
nikajua nyumba imeamka.

Jua lilipochomoza ndipo tulipoona.
Majani ya viazi yalikuwa meusi
tuta kwa tuta, hadi kwenye ua wa misanduku kule mwisho.
Watu wa huku husema baridi imechoma,
nami siku zote nilidhani ni ulimi tu umeteleza.
Imechoma.
Ekari mbili. Alizipita akija kwetu.
Alizipita ameshika maji ya moto.

Tulishuka kwa gia ya pili,
mikono yangu usukanini haijui kama ni yangu,
hadi karibu na Njoro, joto likarudi vidoleni
na sindano zake zote,
na kati ya vikombe nikasikia
mlio nisioujua: kifuniko.
Birika lake.
Limekaa rafuni kama mtu wa nyumbani.

Kundu akatazama geji. Robo tangi.
Kitale bado mbali.
"Tutamletea msimu ujao," akasema.
Nikapita duka la mbegu. Nikapita kanisa la mabati.
"Ama..." akasema.

Penye uwanja wa kupokelea maziwa nilikata usukani,
mashine ikalalama, vikombe vikahama upande,
kitanda kikagonga ukuta.
Si kila siku mtu huigeuza nyumba yake nzima
kwa sababu ya birika.

"Tukifika usizime," Kundu akaniambia. "Haitawaka tena."

Tulimkuta ameinama katikati ya weusi ule,
anafukua kwa vidole
aone kama chini kuna kilichosalia.

Nikazima.