Risasi ya Nne

Tabora, prepo ya usiku. Daftari la kemia
linapita chini ya madawati.
Mihayo kaandika: "Nafyatua. Risasi ya nne. Zimebaki mbili."
Gwimo wa Kasulu, wino mwekundu:
"Risasi imegeuka kumbikumbi. Nimemtafuna."

Mihayo anahesabu kila kitu:
baruti, upepo, goti alilotegua ukurasa wa tisa.
Mwenzake ananuia tu, na imekuwa.

Hakusema si haki. Kaandika pembeni, herufi ndogo:
"Uchawi nao ulipiwe. Kwa kila kumbikumbi
usahau jina moja la kwenu."

Kalamu nyekundu ikasimama.
Kengele. Taa zikazimwa.

Asubuhi, kwenye foleni ya uji, daftari likarudi:
"Fyatua. Limebaki la mama."