Shimo la Saba

Langoni nilivua kandambili.
Mlinzi kacheka: "Si msikiti huu, bibi, ingia nazo."

Vuai ndiye aliyenialika, mtoto wa dada yangu,
siku hizi ana kofia na mashine ya kukatia majani.
Matuta ni yale yale ya Michamvi,
ila yamenyolewa, yamepewa nambari.

Mgeni kapiga kimpira, cheupe kama yai la kasa.
Upepo wa kusi ukakizoa.
Akaufokea kwa lugha yake;
haukugeuka.

"Hapa la saba, mama mdogo."
Kibendera chekundu, kishimo safi kama kikombe cha kahawa,
hakimezi hata kumbi moja.

Nami papa hapa, maji ya bamvua yanapopenya chini kwa chini,
nilichimba na Mwanakombo mashimo ya kutufika kiunoni,
tukafukia makumbi, tukayawekea mawe tusije kuibiana,
miezi sita, tukayafukua yananuka,
tukayaponda yakawa usumba,
usumba ukawa kamba,
kamba ikawa madaftari ya mama yake huyu mwenye kofia.

Sikumwambia. Kofia imemkaa.

Nilimuuliza tu: "Majani haya, mmeyachimbia kina gani?"
"Hadi kiwiko, mama mdogo. Hapazidi."
"Alhamdulillahi," nikasema,
naye akadhani nasifu majani.

Maana mwaka ule Mwanakombo alipotangulia,
letu moja sikulifukua.