Tabaka

Tembe yetu ya Chunyu haina namba ya kiwanja.
Ina mlango mmoja mfupi, unaokuinamisha
hata uje na kiburi cha mshahara wa Dodoma.
Aliijenga Chilewa, baba wa babu wa baba yangu,
miaka ile misafara ya pembe ilipotoa hongo,
pande za kaniki, ili inywe kwenye visima vyetu
maji ya chumvi, iyatukane, iende zake.
Nguzo mpingo. Fito mkole. Paa udongo,
tambarare, la kuanikia uwele
na kulalia usiku wa joto.

Mapogo, mdogo wangu, alikuja na tepu.
"Dada, tuibomoe. Bati la msauzi, madirisha ya alumini.
Mji unakuja huku, utaona."
Sikumjibu. Nilikuwa nakwangua saruji
aliyoipaka baba mdogo mwaka themanini na sita,
kwa mapenzi, mifuko minne ya mkopo wa ushirika.
Saruji haipumui. Nyuma yake ukuta ulilia
karibu miaka arobaini pasipo wa kuusikia,
ukawa uji.

Ndipo tukamwita Mbeleje kutoka Kisokwe.
Alishuka kwenye bodaboda, akafunga kanga kiunoni,
akachota udongo wa kichuguu, akautia mdomoni,
akautafuna, akautema.
"Hauna gundi huu. Nendeni kichuguu cha pili."
Kisha akaukata ukuta kwa kisu,
kama apasuaye muhogo kuona umeoza wapi,
akanionyesha: tabaka juu ya tabaka,
kila mwaka wa mvua na mkono wa mwanamke wake.

"Hili jeusi, hapa palikuwa na jiko.
Hili jekundu, palikuwa na harusi,
udongo huu walikwenda kuufuata mbali.
Hili, pitisha kidole."
Nikapitisha. Laini, tupu, kama unga.
"Mengine yote yana makapi ya mtama, ya kuushika udongo.
Hili halina. Hili ni la Mtunya.
Mwaka ule makapi yaliliwa."

Nani alipaka?
Nani, tumbo limegusana na mgongo,
alikwenda kisimani akarudi, akakanda matope,
akaona ukuta nao una haki yake?
Mbeleje hakujua. Udongo hautunzi majina.
"Ila alikuwa wa kushoto," akasema.
"Tazama vidole vilivyopita."
Mapogo, aliyechapwa utoto mzima
hadi akajifunza kulia mkono wa watu,
akaiweka tepu chini.

Mwaka sabini na nne lilikuja lori la kijiji kipya.
Wakahesabu watu, masufuria, kuku.
Wakang'oa paa upande wa mashariki ili mtu asirudi.
Bibi Sechelela alirudi. Kila juma, maili sita,
na makaa ndani ya chungu, kuzifukiza nguzo,
maana mchwa haogopi tangazo, anaogopa moshi.
Balozi alipomuuliza, alisema anatafuta mbuzi.
Mbuzi yule alipotea miaka minane.

Tulikanda siku tisa, suruali zimekunjwa,
samadi ya ng'ombe hadi kwenye magoti.
Nguzo mbili tu zilikuwa zimekufa.
Mapogo alipaka ukuta wa magharibi peke yake,
kwa kushoto, mbele za watu.
Lile tabaka hatukulifunika. Tumeliacha wazi
upana wa kiganja, kando ya mlango.
Watoto huuliza nani hakumaliza kazi.

Paa linavuja kidogo upande wa kusini.
Mbeleje anasema mwakani tutapanda tena,
na mwaka wa pili, na wa tatu, mpaka tuchoke,
wakichoka wa kwetu waje wengine.
Jana nilipepeta mtama.
Makapi nimeyatia kwenye debe,
nimelifunika kwa ungo.