Kodi

Hoza aliondoka na gitaa lake la rizimu,
kapata kazi ya kupima mizigo ya mkonge Korogwe.
Tukabaki watatu: ngoma, mwimbaji, na mimi
mwenye nyuzi nne nene kama kamba za kufungia mbuzi.
"Kodi utapiga wewe," akasema Shemboza,
akafunga daftari. Hakuna mjadala.

Mimi! Miaka kumi na moja mtu wa noti moja moja.
Besi ni mwendo: mguu huu, kisha ule.
Nani kamwona mtu anayetembea
kwa kukanyaga miguu mitatu kwa mpigo?

Nikajifungia chumbani, Barabara ya Kumi na Nne,
spika juu ya ndoo niliyoifudikiza,
mchana, wenzangu wakiwa makazini.
Nikabonyeza tatu pamoja, kule chini kwenye sauti nzito.
Vrrruum.
Kodi gani hiyo? Lori la saruji la Pongwe
linakata kona na breki mbovu.
Vikombe vikatetemeka kabatini,
kimoja kikahama mahali pake.
Nikabonyeza tena. Uji.
Uji wa muhogo ulioshika sufuria.

Mlango ukagongwa.
"Kodi!"

Bi Mwanamkasi, mwenye nyumba,
sindano mdomoni, futi ya kushonea shingoni.
"Ndiyo hiyo naitafuta," nikasema.
"Mwezi wa pili sasa unaitafuta."

Hakucheka. Wala hakuondoka.
Aliegemea mwimo wa mlango,
akasema, "Lipige tena hilo lori lako."
Nikalipiga.
Akatoa sindano mdomoni, moja, mbili, akazichomeka begani.
"Umewabana," akasema.
"Nina vyumba sita humu, nayajua haya.
Ukiweka wapangaji watatu wenye vifua vizito
mlango kwa mlango, bomba moja, choo kimoja,
akikohoa huyu anamwamsha yule.
Yule mzito mwache uani.
Mwingine mlete mbele, barazani, apate upepo.
Na huyo wa katikati, ana kazi gani?
Mtoe kwanza, tuone."

Nikapanda shingo ya gitaa.
Kidole cha shahada uzi wa nne, freti ya nane.
Cha kati nikakivusha nyuzi mbili bila kuzigusa,
kama mtu anayewaruka waliolala mkekani,
nikakitua uzi wa kwanza, freti ya tisa.
Gumba likavuta chini, kidole kikavuta juu.

Ee.

Zilikuwa mbili tu, lakini chumba kilihesabu tatu.
Kikombe hakikutikisika.
Nikakirudisha kidole kile freti moja nyuma:
sauti ikainamisha kichwa.
Nikakisogeza mbele: ikacheka.
Freti moja! Pengo la upana wa kidole
ndilo linalotenga arusi na matanga,
na mimi miaka yote hiyo
nimewachezea watu kote kuwili
bila kujua ukuta wenyewe uko wapi.

"Hapo," akasema Bi Mwanamkasi.
Akasimama kidogo. Macho hayakuwa kwangu,
yalikuwa kwenye ndoo, au nyuma ya ndoo.
Nani aliwahi kumpigia nini, lini,
sikumuuliza. Mwenye deni haulizi.

Akachomoa sindano begani, akazirudisha mdomoni,
ndipo akasema, meno yakiwa yamebana:
"Hiyo nimeisikia. Na ile nyingine?"

"Jumamosi, mama. Tuna harusi Makorora."

Akaguna. Nikasikia kandambili zake ukumbini,
halafu cherehani, tiki tiki tiki,
ikisimama, ikianza, ikisimama.
Nami nikabaki na kidole cha pete hewani,
juu ya uzi wa tatu, freti ya kumi,
nikimtafutia chumba
yule wa katikati.