Jicho kwa Jicho

Dumu lina tundu moja,
foleni wanalingoja,
wasukumana kwa hoja,
chekechea ya Langoni.

Famau kaja na tongo,
jicho rangi ya udongo,
kiganja kwenye mlango,
akanicheka usoni.

Bi Mize, nyanya, kanena:
"Mchanga tu! La, hapana!
Mwanangu wamtukana
mbele ya wenzi foleni!"

Jumatano wako sita,
jicho kwa jicho lapita,
bila hodi, bila vita,
kitasani na jamvini.

Kombe za kuhesabia
jiki nikazimwagia,
jamvi nikaanikia
juani, juu darini.

Siku kumi zakatika,
kope zangu zimeshika,
soni ikanifunika
kujitazama kioni.

Hata hivyo nikaenda
(watoto nani kulinda?),
mikono akaitanda
Famau, pale langoni:

"Mwalimu, huo mchanga?
Rudi, hapa tunachunga;
nyanya atakupa kanga
safi, yako, ya machoni."

Nikarudi, jicho moja,
nyuma nasikia hoja:
"Bado kucha! Hebu ngoja!"
na tone chini, jiweni.