Mahali pa Shavu

Kikoti kaileta imeviringishwa kwa khanga,
bunduki ya lindo, kitako kimepasuka
kuanzia kwenye skrubu mpaka kisiginoni.
"Mvua za Uporoto," kasema, "kisha jua la Usangu.
Mti unavimba, mti unasinyaa,
na risasi inakwenda inakotaka."

Mimi ni fundi wa bampa, hapa Mwanjelwa.
Kosta ikigonga punda, naitwa mimi.
Lakini baba, Ambakisye, alikuwa seremala,
na mninga huu niliujua kwa harufu
kabla sijaupindua nikaiona alama yake:
matundu matatu ya msumari, kama mafiga.

Nikaweka mezani nilivyo navyo.
Faibaglasi: rahisi, tiifu kwenye kalibu,
ila uzito wake, na vumbi
linalowasha mpaka ndotoni.
Kaboni: kipande cha baiskeli ya mashindano
iliyovunjikia Mbalizi,
nyeusi, nyepesi kama ahadi ya mlevi;
bei yake ng'ombe na ndama.
Ukiielemea vibaya haikuonyi. Inakatika tu.
Katani ilikunywa gundi yote, ikataka nyingine.
Mwishowe mwanzi, ule ule wa ulanzi,
nimeuchana nyuzi, nimeukausha juu ya jiko
wiki mbili, mama akiuliza napika nini.

Kila sampuli niliiloweka kwenye ndoo,
nikaianika, nikaipima kwa mizani ya viazi
ya Tumpale jirani. Mizani ile inaiba nusu kilo,
lakini inaiba kwa haki, kila mtu sawa.
Nyuzi za kioo nje, mwanzi ndani:
huo ndio mchanganyiko uliokataa maji.

Jumamosi Kikoti akakipokea, akakigonga kwa kidole,
akakiweka begani, akalenga Loleza.
Akashusha. Akalenga tena.
"Kiko sawa,"
kama mtu anayesifu chai iliyopoa.
Nikauliza kasoro. Akajigusa shavu.
"Miaka kumi na tisa. Pale palikuwa pamechimbika."

Sikujibu. Nikachukua msumeno,
nikakata kwenye mninga wa baba kipande cha kiganja,
kile kilichong'arishwa kwa jasho na ndevu,
nikakichongea nafasi, nikakibandika.
Kimeongeza gramu themanini.
Nimeziandika kwenye risiti, bila bei.

Masika yakija, nyuzi hazitajali.
Kipande kile kitavimba kidogo, najua.
Avumilie.
Hata shavu huvimba.